Rupia Zilizooshwa

Masama, Hai
Alhamisi, mwanzoni mwa Oktoba

Mdogo wangu Daniel,

Kosa ambalo watu wengi hulifanya wakipewa kitu cha zamani ni kukisafisha. Najua barua haianzi hivyo, na Baba angekuwa hai angenirudishia karatasi niandike upya, lakini nimeamka na sentensi hiyo kichwani nikaona niitue kwanza. Sasa nikusalimu kama inavyopasa. Hujambo? Kifua chako kinaivumilia baridi ya Njombe? Lile sweta la kijani bado linakutosha, au umenenepa kwa viazi vya huko? Sisi tunamshukuru Mungu. Mama ni mzima isipokuwa vidole, ambavyo vimezidi kukunjamana. Ng'ombe amezaa ndama jike. Kahawa imeiva yote kwa pamoja mwaka huu, na watu wa kuchuma hawatoshi, kwa hiyo usishangae ukiona karatasi hii ina alama za kidole cha kahawia.

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei. Sikulaumu, naeleza tu sababu ya karatasi. Anayekuletea ni Sirili wa pale mtoni, anayerudi huko kwenye biashara yake ya mbao. Soma taratibu, na usiruke katikati kwenda mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule.

Nianzie kwa wageni. Ile Jumapili ya Septemba, wazazi wa Amit, mchumba wa Stella wako, walipanda kuja kwetu kama tulivyokubaliana. Uliniambia mimi ndiye mkubwa, niwapokee, wewe una kazi. Niliwapokea. Walikuja wanne: mzee Dhirendra, mkewe Khyati, Amit mwenyewe, na dada yake. Kwa kuwa hawali nyama, tulipika mtori mtupu wa ndizi, na Mama alinung'unika jikoni tangu asubuhi kwamba mtori usio na nyama ni chakula cha mtu aliyetoka kulazwa. Mzee Dhirendra alipoinama na kumwambia shikamoo, Mama aliitikia marahaba kwa sauti ya kanisani, kisha akamuuliza kama mtu mnene namna ile ameupataje mwili kwa majani. Nilitamani kuingia chini ya meza. Mzee akacheka mpaka akavua miwani. Akamwambia, bibi, ni samli, na siri hiyo usiitoe nje.

Baada ya chakula Khyati alitoa kwenye mkoba kopo la chuma la kuwekea viungo, lile la mfuniko unaobana. Ndani mlikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa sarafu tisa za fedha. Ni rupia za enzi za Mjerumani, Daniel. Upande mmoja kuna mfalme wao mwenye kofia ya chuma iliyokaliwa na ndege, na upande wa pili simba amesimama mbele ya mti kama mnazi. Babu wa babu yake Dhirendra alikuwa na duka la chumvi, sabuni na nguo hapo Moshi, kabla hata reli haijafika, na hizi ndizo za kwanza alizoziweka kando. Mama aliishika moja akasema babake alizitaja sana, na kwamba huenda moja kati ya hizo tisa ilitoka kiunoni mwa mtu wa Masama aliyeteremka kununua chumvi. Mzee Dhirendra akasema basi leo imepanda kurudi kwao.

Sasa nieleze jambo moja, maana bila hilo hutaelewa yaliyofuata. Sarafu zile hazikuwa zinang'aa. Zilikuwa nyeusi-nyeusi, na kwenye mabonde ya herufi, chini ya kidevu cha yule mfalme na kati ya miguu ya simba, mlikuwa na kitu chekundu kilichokauka, kingine kikiwa kimegeuka kahawia kama damu ya zamani. Weusi ni wa kawaida. Fedha ikikaa hewani hukutana na chembe za kiberiti na kujivika utando, na utando huo ndio unaoilinda. Lakini ule wekundu ni habari nyingine. Katika familia yao, sijasema Wahindu wote, sarafu hizi hutolewa mara moja kwa mwaka kabla ya Diwali, hunyunyiziwa maziwa na maji, hupanguswa kwa kitambaa tu, kisha mwanamke mkubwa wa nyumba huchovya kidole katika unga mwekundu wa kumkumu na kugusa kila moja. Hazisuguliwi kamwe. Khyati alituonyesha kwa ncha ya ukucha: wekundu huu wa juu ni wangu, huu wa kahawia ni wa mama mkwe wangu, na huu ulioshikana na fedha kabisa ni wa mama mkwe wake, ambaye sikumwona hata kwa picha.

Kwa desturi yao bibi arusi huzipokea akishaingia nyumbani kwa mume. Khyati alizileta mapema, na sababu aliisema waziwazi mbele ya Mama. Alisema wamesikia babake Stella hana amani, anaona kama anachukuliwa mtoto. Akasema, nikaona sisi tuanze kutoa kabla hatujachukua. Akamwekea Stella kopo mikononi. Tukapanga Jumamosi ya wiki ijayo warudi na wanawake wa kwao, zitolewe kwenye sinia, Khyati amgusishe Stella kidole katika ule unga, na Stella aguse sarafu kwa mara yake ya kwanza, kwenye nyumba aliyokulia, ndugu zake wakiangalia. Hayo tu. Hakuna aliyemwambia abadili dini. Ndoa itafungwa bomani, na Jumapili atakwenda usharikani kama siku zote.

Kopo nililifungia katika kabati la Mama. Jumamosi iliyopita nikalitoa ili niweke kipande cha chaki ndani, maana chaki hunyonya unyevu, nawe unajua ukungu wa huku. Nilifunua kitambaa. Sarafu tisa zilikuwa zinang'aa kama vijiko vya dukani. Nilizipeleka mlangoni kwenye mwanga. Pua ya mfalme imelainika. Mabondeni hamna wekundu, hamna kahawia, hamna kitu.

Nilimwendea Mama nikiwa nimeshika kopo kama mtu aliyeshika nyoka. Unamjua Mama na sufuria zake, mpaka nje zinang'aa. Kabla sijamaliza swali, akasema ni yeye. Akasema kitu cha kupewa na wakwe hakiwekwi mbele ya watu na uchafu, alizisugua kwa majivu, na kama nina neno niseme. Ungesema nini? Nilikaa kwenye kigoda nikatazama kuku. Nilimwona akilini Khyati akifungua kitambaa mbele ya shangazi zake wote. Sikujua ningemwambia nini mwanamke ambaye tumemfutia mama mkwe wake.

Stella aliporudi kutoka mjini nilimwambia bibi yake ameziosha. Akasema kwa haraka kwamba anaweza kununua kumkumu sokoni Moshi, tupake, hawatajua. Nikamwambia, mwanangu, rangi ya jana haiwezi kuwa ya miaka mia. Akaingia chumbani. Nilidhani ni aibu kwa ajili ya bibi yake.

Jumatatu nilichukua sarafu moja nikateremka mjini kwa Balbir. Unamkumbuka, yule Singasinga aliyefundisha hisabati tulipokuwa shule moja, ambaye sasa amestaafu na anakusanya sarafu za kale. Nilitaka kujua kama kuna namna ya kuurudisha ule uso. Aliishika pembeni kwa vidole viwili, akainusa, akaniuliza kama ni kweli nilifundisha kemia au aliniota. Akasema nirudishe cheti changu chuoni. Alipoona sicheki, akaacha mzaha, akaeleza kwamba uso wa fedha ukikwanguliwa haurudi. Mkusanyaji akiona sarafu iliyosuguliwa huiweka chini na kuomba nyingine, kwa sababu kilichokuwa kinaitofautisha na wenzake kimeondoka. Akaniuliza imesuguliwa kwa kitu gani. Nikasema majivu. Akaweka kioo chake cha kukuzia jichoni, kisha akanisogezea niangalie mwenyewe. Ndani ya herufi mlikuwa na vipunje vyeupe. Akasema, Mwalimu, huko kwenu Masama majivu yananukia mnanaa?

Ilikuwa dawa ya meno, Daniel. Na mama yetu hana meno. Lile la mwisho lilimtoka mwaka wa korona. Zaidi ya hayo, kopo lile linabana hata mimi hulifungua kwa kulikumbatia, na Mama hawezi kufungua chupa ya dawa zake bila mimi. Nilipanda gari kurudi kituo cha Kwa Sadala, na njia nzima nilikuwa nikijiuliza nimewezaje kuamini.

Nilimkuta Stella bandani akimkatia ng'ombe majani ya migomba. Sikumuuliza kitu. Nilimwonyesha ile sarafu, nikamwambia inanukia mnanaa. Aliweka panga chini. Akasema ndiyo, ni mimi, na bibi alinikuta nikizikausha akaniambia ninyamaze. Nilimuuliza kwa nini, akanisihi nisimuulize. Akasema atazirudisha kwa Khyati na ataachana na mambo ya harusi, kwa sababu ameharibu vya watu na bado hajapata alichokuwa anakitafuta. Hicho alichokuwa anakitafuta hakukitaja. Alilia akiwa ameegemea shingo ya ng'ombe, na ng'ombe akaendelea kutafuna.

Mama nilimkuta sebuleni akijifanya amelala. Nilimwambia najua. Akafungua jicho moja akasema ni kweli amedanganya, lakini bibi wa miaka tisini na tatu havunjiwi uchumba, na mtoto huvunjiwa. Hesabu yake ilikuwa ni hiyo tu. Kisha akaniagiza nimwamshe Stella mapema Jumatano, na kwamba kabla hatujatoka kwenda kwa Khyati apite uzioni.

Alijua anachosema. Jana asubuhi Mama alikwenda naye mwenyewe, kwa fimbo, hadi mpakani mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, akamwonyesha isale la kukata. Huna haja ya kuelezwa isale, ila nitaeleza kwa sababu ni tabia yangu: mkosaji akikuletea jani hilo, hutakiwi kumfukuza wala kumkataa. Utamsikiliza, na mtatafuta pa kuanzia. Tukateremka Moshi, mimi, Stella, kopo, na jani limefungwa kwenye gazeti.

Walikuwa nyumbani watatu, wazazi na Amit. Stella hakukaa hata kitini. Alimshikisha Khyati lile jani, akaweka kopo mezani, akasema, mama, nimeziosha. Khyati alifunua kitambaa. Alizichukua moja moja akazipeleka dirishani, akaigeuza kila moja pande mbili, na kwa kila moja nilikuwa naomba apate hata doa. Hakupata. Mzee Dhirendra alisimama, akasema neno moja kwa Kigujarati, akaondoka kwenda dukani. Mpaka naandika hajaongea na sisi, nami simlaumu. Amit alibaki, akamsogezea Stella kiti, naye Stella hakukikalia.

Khyati akamuuliza swali lile ambalo mimi sikujibiwa. Kwa nini? Akasema, kama ulidhani ni uchafu nitaelewa, hata mimi nilipoletwa nyumba hii nilidhani ni uchafu. Stella akasema hapana, nilijua ni nini, ulinionyesha mwenyewe. Na hapo, Daniel, nikasikia kwa mara ya kwanza jambo ambalo wewe unalijua na mimi nilikuwa silijui.

Alisema jioni ile ile wageni walipoondoka alikupigia simu kwa furaha. Alikusimulia kuhusu Mama na samli, ukacheka. Akakusimulia kuhusu rupia. Ukamuuliza kama zina kitu juu yake. Akasema zina rangi, na akakueleza ni ya nini. Ukamwambia hutakanyaga nyumba ambayo kuna kitu kilichopakwa rangi ya sanamu, achague. Ukakata simu, na tangu siku hiyo hujapokea. Stella akasema mbele yetu, nayaandika kama alivyoyatamka: "Nikawaza, zikiwa hela tu, hela za zamani zisizo na kitu, baba hatakuwa na sababu ya kutokuja."

Kwa hiyo hakuziosha kwa kuzidharau, wala kwa kuwaogopa miungu wa watu. Alizisugua usiku kwa mswaki wake ili wewe uje. Ameishi na mimi tangu mama yake alipotutoka, nimemlea, nimemsomesha, nilidhani najua kila kitu chake. Sikujua kwamba bado anasikiliza mlango kama alivyokuwa akiusikiliza akiwa na miaka sita, kila Desemba, akingoja gari lako lipinde pale kwenye daraja.

Khyati akatazama lile isale alilokuwa bado amelishika, akacheka huku machozi yanamtoka. Akaniambia, Mwalimu, mimi nimezaliwa Moshi, jani hili nimeliona kwenye kila uzio, najua likishakufika mkononi huna ruhusa ya kukataa, mmenibana. Akaliweka kwenye glasi ya maji, juu ya rafu, pembeni ya picha ya mama mkwe wake. Kisha akasema maneno ambayo ndiyo yaliyonifanya nikuandikie. Alisema Jumamosi ya wiki ijayo atakuja kama tulivyopanga, na unga atauleta. Lakini hatagusa sarafu hata moja babake Stella asipokuwepo. Akija akasema hapana, atafunika kopo lake na tutakunywa chai. Asipokuja kabisa, atarudi nazo nyumbani na mambo yatasimama hapo, kwa sababu hataki kumpokea binti ambaye atakuwa anajifuta kila babake anapokohoa. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningelala.

Mdogo wangu, mimi sitakufundisha dini. Wewe ni mzee wa kanisa, na mimi ni mwimbaji wa sauti ya pili. Nakukumbusha tu jambo moja. Mwaka ule ulipouza kahawa ya Baba bila ruhusa ukakimbilia kwa mjomba, ulirudi na nini mkononi? Baba alikuwa mwinjilisti, na alilipokea lile jani mlangoni mbele ya wote, akakukalisha ukala. Hakuna aliyesema ni sanamu. Tulijua ni jani, na tulijua linasema nini. Ule unga nao ni unga, Daniel, na unasema nini umeshaelezwa. Ukiamua bado hauutaki, njoo useme hivyo ukiwa umekaa kwenye kiti, mtoto akikuona uso. Anaweza kulibeba hilo. Simu isiyopokelewa haiwezi.

Sina uhakika wa lolote. Sijui mzee Dhirendra atatulia, sijui kama utakuja, sijui kama Stella atafika wiki ijayo bila kuugua, maana chakula hali na leo amekwenda kazini bila hata chai.

Ndani ya bahasha utakuta isale limekunjwa. Si langu. Stella amelikata mwenyewe jana jioni, akaniomba nikupelekee na nisiandike neno juu yake. Sijui kosa lake kwako ni lipi. Yeye anaona lipo.

Mama anakusalimu, na anasema sweta la pili amelianza ila mikono ya sweta itachelewa kwa sababu ya mikono yake. Majirani wote wa mtoni wanakusalimu, na ndama bado hana jina, tunakusubiri wewe. Wasalimie wa usharika wako. Mungu akulinde na baridi na barabara ile ya Kitonga, ukiamua kusafiri.

Ni mimi dada yako,
Elinipendo

Stella hutoka kazini saa kumi na moja. Mpigie leo.